Machale Yakikucheza Vaa, Yakikwambia "Leo Salama" Usiyasikilize



Vitalu vya tumbaku vimeshaanza kumwagiliwa, wenye mahindi na alizeti wanapiga hesabu za mbegu na mbolea, na wenye matrekta wanatafuta mafundi kabla foleni haijawa ndefu. Kwa kawaida wakati kama huu naandika kuhusu pembejeo. Leo naomba tuongelee kitu ambacho kila mkulima anacho na hakiuzwi kwenye duka lolote la pembejeo: machale.

Chanzo ni swali. Kwenye mafunzo ya viuatilifu huko Sikonge kijana mmoja, mkulima mzuri kabisa, shamba lake hata jirani anapita kulitazama, alinyoosha mkono akasema: "Afisa, mimi nina miaka minane kwenye tumbaku. Dawa kali naijua, dawa ya kawaida naijua. Siku roho ikisita navaa kila kitu. Siku roho imetulia napiga dawa na shati langu hili hili. Na sijawahi kuumwa. Sasa kosa liko wapi?" Wenzake wakacheka, lakini niliona vichwa vingi vinatikisika kukubali.

Kiukweli swali lile halina ujinga ndani yake. Linastahili jibu lenye maelezo, siyo kumfokea mtu mzima "vaa tu, ni sheria."

Machale yanatoka wapi

Kwanza tukubaliane kwamba machale ni kitu cha kweli. Mtafiti mmoja wa Marekani, Gary Klein, alitumia miaka mingi kuwahoji makamanda wa zimamoto ili ajue wanaamuaje mambo ndani ya sekunde chache. Kuna kisa chake kimoja kinajulikana sana. Kikosi kiliingia kwenye nyumba kuzima moto uliokuwa jikoni. Wakapiga maji, moto ukagoma kupungua. Kamanda akahisi tu kuna kitu hakiko sawa, akaamuru watu wake wote watoke nje. Muda mfupi baadaye sakafu waliyokuwa wamesimama juu yake ikaporomoka. Moto wenyewe ulikuwa chini yao, kwenye chumba cha chini ya nyumba ambacho hawakujua kama kipo.

Yule kamanda aliamini kabisa kwamba ana kipaji cha kuona yasiyoonekana. Alipohojiwa taratibu ikajulikana ni nini: chumba kilikuwa na joto kubwa kuliko moto mdogo wa jikoni unavyoweza kuleta, halafu kilikuwa kimya mno. Akili yake, iliyoona moto mara nyingi, ilishapiga hesabu kabla yeye hajaweza kuitamka.

Ni kama mzee wa kijijini anayetazama mawingu upande wa mashariki akasema "hii mvua haifiki hapa," na kweli haifiki. Hana kipimo chochote, ila ana miaka 50 ya kutazama na kuona matokeo jioni hiyo hiyo.

Hapo ndipo penye siri. Mwaka 2009 Klein aliandika pamoja na Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Kahneman ni mtu ambaye miaka yote alikuwa hayaamini sana machale ya wataalamu. Wawili hawa walikaa wakitafuta wanapotofautiana, wakajikuta wanakubaliana. Machale ya mtu yanaaminika pale ambapo kazi yake ina dalili zinazojirudia, na pale ambapo yeye mwenyewe amepata nafasi ya kujifunza kwa kupewa majibu: amekosea, ameona, amepatia, ameona. Majibu yakichelewa au yasipokuja kabisa, mtu anabaki na uhakika mkubwa moyoni ambao hauna kitu ndani.

Sasa chukua kipimo hicho uende nacho shambani.

Nyuki anafundisha, sumu haifundishi

Sisi watu wa Tabora tuna bahati ya kuwa na nyuki na tumbaku kwenye msitu mmoja wa miombo. Na hao wawili ni walimu tofauti kabisa.

Mrina asali akifika chini ya mzinga, anasikia mlio. Kuna mlio wa nyuki waliotulia na kuna mlio wa nyuki walioudhika, na mrina wa siku nyingi anautambua kabla hajapanda. Akipuuza, majibu anayapata papo hapo, usoni. Ndiyo maana namwamini mrina akisema "leo hawa tuwaache." Nyuki wamemfundisha kwa miaka, kila kosa na malipo yake siku ile ile.

Tumbaku haifanyi hivyo. Kuna ugonjwa unaowapata wachumaji wa majani mabichi, wataalamu wanauita ugonjwa wa tumbaku mbichi. Nikotini iliyo kwenye jani inayeyuka kwenye umande, maji ya mvua au jasho, inapenya kwenye ngozi ya mikono na ya mapaja yaliyolowana, inaingia kwenye damu. Mtu anapata kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kichwa kinauma, jasho linamtoka, tumbo linakata. Lakini tazama ilivyo na hila: dalili zinaweza kuanza saa 3 baada ya kushika majani, na zinaweza kuchelewa mpaka saa 17. Umechuma asubuhi umande haujakauka, unatapika usiku wa manane. Nani atakumbuka umande? Atasema ni malaria, au ni ule ugali wa jioni. Siku moja mbili tatu inapita, anarudi shambani mikono mitupu, na machale yake hayajajifunza lolote.

Dawa za wadudu ndiyo kabisa. Zipo za kundi la ogano-fosfeti, ambazo wengi wenu mnazitumia kwenye pamba, tumbaku na nyanya. Kazi yake ni kuharibu kimeng'enya kinachoitwa kolinesterasi, ambacho mishipa ya fahamu inakihitaji ili ijue wakati wa kunyamaza. Mdudu anakufa kwa sababu mishipa yake haiwezi tena kunyamaza. Mwili wa binadamu unacho kimeng'enya hicho hicho. Ukipata dawa kidogo leo, kinashuka kidogo na wewe husikii kitu. Wiki ijayo kabla hakijarudi unapata nyingine, kinashuka tena. Kurudi kwenye kiwango chake kunachukua wiki kadhaa. Hivyo mtu anaweza kupiga dawa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu bila kuhisi chochote, akaanguka mara ya nne kwa dawa ile ile, kipimo kile kile. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, mate na machozi yanamtoka, misuli inachezacheza.

Kwa hiyo kijana wangu wa Sikonge anaposema "sijawahi kuumwa," hajasema uongo. Ila hajui kama hajaumwa au kama hajafika kwenye ile ya nne. Na roho yake haiwezi kumwambia, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuifundisha.

Jibu nililompa ni hili, na ndilo ninalotaka mlichukue: machale yapewe ruhusa ya kuongeza kinga, yasipewe ruhusa ya kupunguza. Lebo inasema glavu, buti na miwani. Hivyo unavaa hata kama moyo umetulia kama maji ya mtungi. Siku machale yakikucheza juu ya hapo, upepo huuelewi au kifungashio kinanuka tofauti na ulivyozoea, ahirisha. Kwa upande huo yasikilize hata kama huna maelezo. Ukikosea kwa kuahirisha umepoteza asubuhi moja.

Mambo ambayo watu wanadhani yanawakinga

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo tunapopotezea watu.

Maziwa. Kila kijiji nikienda naambiwa "sisi tukimaliza kupiga dawa tunakunywa maziwa yanakata sumu." Hayakati. Sumu nyingi shambani inaingia kupitia ngozi, siyo tumboni. Sasa maziwa yanakwenda kukutana nayo wapi? Kunywa maziwa yako kwa sababu ni chakula kizuri, basi. Kinachosaidia ni maji na sabuni, mapema, kabla ya kula, kabla ya kuwasha sigara, kabla ya kumbeba mtoto anayekukimbilia mlangoni.

Barakoa ya kitambaa au zile za hospitali. Zinazuia vumbi kiasi, haziwezi kuzuia mvuke wa dawa. Dawa ambayo lebo yake inataka kinga ya kupumua inahitaji barakoa yenye vichujio vya kemikali, na vichujio vina muda wake wa kubadilishwa.

Glavu za kitambaa au za ngozi. Hizi kwa dawa ya maji ni mbaya kuliko mikono mitupu, kwa sababu zinanyonya dawa na kuishikilia kwenye ngozi yako mchana kutwa. Tafuta za nitrile au mpira mzito. Na uzioshe kwa nje kabla ya kuzivua.

Suruali ndani ya buti. Inapendeza kwa gwaride. Kwa kupiga dawa suruali ikae nje ya buti, la sivyo kila tone linaloteremka mguuni linaingia ndani na kukaa humo na soksi.

Bomba la mgongoni linalovuja. Hili nalisema kwa sauti. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1971 ulipima jinsi ngozi ya sehemu mbalimbali za mwili inavyopitisha kiuatilifu kimoja cha kundi hili hili nililolitaja. Paji la uso lilipitisha kama mara nne ya mkono. Korodani zilipitisha karibu mara 12. Sasa fikiria bomba linadondosha taratibu mgongoni, linateremka kiunoni, linaelekea wapi? Vijana mnacheka kila nikifika hapa, lakini siku inayofuata naona mafundi wa kubadilisha mpira wa mfuniko wanapata wateja.

Halafu kuna rangi kwenye lebo: nyekundu, njano, bluu, kijani, kutoka kali zaidi kuteremka. Zisomeni, lakini mjue zinaeleza ukali wa sumu ya papo hapo. Mtu akiona kijani anasema "hii ni ya kawaida," anachanganya kwa mkono. Kijani haina maana ya maji ya kunywa.

"Afisa, na joto je?"

Hoja ya joto ni ya kweli na sipendi wataalamu wanaoipuuza. Mwezi wa kumi Tabora, ovaroli ya plastiki saa sita mchana ni tanuri. Mtu anaweza kuzimia kwa joto akijikinga na sumu. Hata mwongozo wa kimataifa wa FAO na WHO kuhusu viuatilifu unasema hivyo: dawa ambayo kuitumia kunahitaji vifaa visivyovalika au vya gharama kubwa iepukwe, hasa kwa wakulima wadogo na watumishi wa mashambani kwenye nchi za joto.

Maana yake kwa biashara yako: ukiona dawa fulani vifaa vyake hutaweza kuvivaa mpaka mwisho wa kazi, badilisha dawa, usibadilishe mavazi. Uliza duka lenye kibali, au muulize afisa ugani wako, kama kuna nyingine ya rangi ya chini inayofanya kazi ile ile na imesajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Piga dawa mapema asubuhi upepo ukiwa mdogo. Ovaroli ya pamba nzito yenye mikono mirefu, na aproni ya plastiki mbele wakati wa kuchanganya tu, inatosha kwa dawa nyingi. Wakati wa kuchanganya ndipo unaposhika dawa ikiwa bado haijazimuliwa, kwa hiyo glavu na miwani hapo havina mjadala.

Kwa wachumaji wa tumbaku ni vivyo hivyo. Subiri umande ukauke. Kama mvua imekulazimisha kuchuma majani mabichi, glavu na koti la mvua, nguo zikilowa badilisha. Na watoto na wajawazito wasichume kabisa.

Barabarani

Wengi wenu sasa mna magari. Kirikuu, Noah, wengine mmefika kwenye Fuso. Na lami imetufikia. Kwenda Nzega au Sikonge siku hizi siyo safari ya kufunga chakula. Hongereni. Lakini nawaona: mkanda unafungwa ukikaribia trafiki, mkimpita, unaachiwa. Yaani mkanda umekuwa kitu cha kumwonyesha askari, kama leseni. Nimeshaona hata gari ambalo mwenye nalo ameupitisha mkanda nyuma ya kiti akauchomeka, ili ile kengele inyamaze.

Hapa machale yanadanganya kuliko hata shambani. Umekwenda Nzega mara 300 bila mkanda na umerudi mara 300. Kila safari imekufundisha somo moja: mkanda hauna kazi. Hakuna safari hata moja iliyokufundisha lingine, na itakayokufundisha huenda isikuache ukaitumia elimu hiyo.

Tupige hesabu ya darasani. Gari likienda kilomita 50 kwa saa likagonga kitu likasimama ghafla, aliyeko ndani bila mkanda bado anaendelea kwa mwendo ule ule mpaka akutane na usukani au kioo. Pigo lake ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10. Kwa kilomita 80, ni karibu mita 25. Hata kilomita 30, mwendo wa kutoka nyumbani kwenda kijiweni, ni mita 3 na nusu. Ipo miembe mikubwa hapa Tabora kando ya njia ya zamani ya misafara. Panda mmoja mpaka mita 3 na nusu, tazama chini, uulize machale yako kama uruke kifudifudi. Yatakupa jibu zuri sana. Tatizo ni kwamba ukiwa umekaa kwenye kiti, redio inaimba, yanakuwa yamelala. Mwili wetu unaogopa urefu tangu utotoni. Mwendo wa gari hakuna mababu waliotuachia uoga wake.

Na wale wanaompakata mtoto mbele: mtoto wa kilo 10, gari likisimama kutoka kilomita 50 ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, anavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 140. Hilo ni gunia la mahindi na karibu nusu nyingine. Hakuna mikono ya mama inayolishika.

Mkanda tunaotumia leo, ule wa kupita begani na kiunoni, ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959, na kampuni ikaruhusu watengenezaji wengine wautumie bure. WHO wanasema unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa dereva na abiria wa mbele hadi nusu. Kofia ngumu ya pikipiki, kwa tafiti zilizokusanywa pamoja, inapunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kofia iliyofungwa kidevuni lakini, siyo iliyoning'inizwa kwenye usukani au aliyovaa bodaboda peke yake.

Najua kuna msemo wetu: ajali haina kinga. Tunausema msibani kufarijiana, na hapo mahali pake ni sahihi kabisa. Sipendi ukisemwa asubuhi wakati wa kuwasha gari. Siku ya mtu anaipanga Mungu, sibishani na hilo, lakini mkulima huyo huyo anayesema hivyo analinda bani lake la tumbaku usiku kucha lisiungue. Hasemi moto hauna kinga.

Njiani kurudi

Kuna habari ya hapa hapa kwetu ambayo huwa nawaeleza madereva. Agosti 1871 Waarabu wa Tabora walikuwa kwenye vita na mtemi Mirambo wa Urambo, ambaye alikuwa ameifunga njia ya misafara kwenda Ujiji. Henry Morton Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone, alijiunga nao na baadaye akaandika yaliyotokea. Kijana mmoja, Soud bin Sayd, aliongoza watu kama 500 wakaishambulia Wilyankuru, wakaiteka bila shida kubwa. Wakafungasha pembe za ndovu na mateka, wakaanza kurudi. Mirambo alikuwa ameshatoka pale, akawasubiri kwenye majani marefu kando ya njia. Soud aliuawa na wengi wa wenzake. Stanley aliponea kwa kuwa homa ilimlaza nyuma, Zimbizo. Kabla mwezi haujaisha Mirambo akaishambulia Tabora yenyewe.

Asubuhi wakati wa kwenda kwenye boma la adui, watu wale walikuwa macho. Wakati wa kurudi walikuwa na mizigo na furaha, na roho zilitulia kabisa. Ni utulivu ule ule ninaouona siku ya malipo ya tumbaku: mtu ametoka mjini usiku, amechoka, pesa zimeingia, amenunua mabati, gari limejaa ndugu na wengine wako juu ya mzigo. Ni ule ule wa bomba la mwisho la dawa saa nne asubuhi, pale mtu anapovua miwani kwa sababu "imebaki mistari miwili." Machale yetu yanahesabu kazi kuwa imeisha mapema kuliko inavyoisha.

Trekta: hapa kuvaa kunaweza kukuua

Nisingependa mtu aondoke na wazo kwamba kila kinachovaliwa ni kinga. Trekta lenye fremu ya kumlinda dereva likipinduka, ile ya nguzo za chuma iliyotengenezwa na kiwanda, funga mkanda. Utakubakisha ndani ya fremu. Trekta la zamani lisilo na fremu hiyo, usifunge mkanda, maana litakubana chini yake. Kivuli cha bati kilichochomelewa na fundi wa mtaani siyo fremu. Trekta linaloinuka mbele na kupinduka nyuma linachukua kama sekunde moja na nusu, hakuna ujanja wa kuruka.

Na ile shafti ya PTO inayozungusha mashine ya kupukuchua: mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde. Hapo glavu, koti lililofunguka, kitenge, kamba ya buti, vyote ni kitanzi. Vaa nguo ya kubana, funika shafti kwa kava lake, zima mashine kabla ya kunyoosha mkono.

Kama una vibarua

Hili ni kwa wenye mashamba ya kibiashara, yaani ninyi. Machale unayotakiwa kuyaamini zaidi siyo yako. Ni ya kijana uliyempa bomba. Yeye ndiye mwenye harufu puani na unyevu mgongoni. Lakini ana njaa ya siku ile na anakuita bosi, kwa hiyo roho ikimsita atanyamaza. Ukisikia kibarua anasema "bosi, hii dawa leo siielewi," simamisha kazi na umlipe siku yake. Ukimkata pesa mara moja tu, hutasikia tena neno kutoka kwa yeyote.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakuhusu hata kama ofisi yako ni kivuli cha mwembe. Vifaa vya kujikinga ni jukumu la mwajiri kutoa, siyo kumkopesha kibarua halafu ukakata kwenye ujira. Na ukiwa mwajiri, unatakiwa kujisajili na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Siku mtu amepelekwa Kitete akiwa hajitambui siyo siku ya kuanza kuulizia fomu. Na akipelekwa, lebo au kifungashio cha dawa kiende naye, daktari ajue anatibu nini.

Yule kijana wa Sikonge nilimtembelea baadaye. Amepiga misumari nyuma ya mlango wa stoo: ovaroli, aproni, miwani, buti chini yake. Ufunguo wa kabati la dawa anauweka ndani ya glavu ya mkono wa kulia, kwa hiyo hawezi kufika kwenye dawa bila kuishika glavu. Nilimuuliza kama roho bado inamwambia siku nyingine hakuna haja. Akasema inamwambia karibu kila siku, ila ameacha kuiuliza.

Alikuwa na swali lingine: mke wake anafua ovaroli pamoja na nguo za watoto, je ni sawa? Siyo sawa. Ifuliwe peke yake, beseni lake, anayefua avae glavu, maji yamwagwe mbali na kisima na mabwawa ya samaki, halafu ianikwe juani mbali na nguo nyingine. Na ifuliwe siku hiyo hiyo, isikae kwenye ndoo mpaka Jumamosi.